Kovu la chanjo mkononi halitoshi kuwakinga wanafunzi dhidi ya kifua kikuu

KILA mwaka mpya wa masomo unapoanza, wazazi kwa maelfu hupiga foleni katika hospitali na zahanati wakiwa na karatasi moja mkononi. Ni fomu ya ukaguzi wa kiafya ambayo mwanafunzi mgeni hutakiwa kuiwasilisha siku ya kuripoti katika shule ya bweni, pamoja na sanduku, godoro na stakabadhi ya karo.

Aghalabu, karatasi hiyo hujazwa kwa dakika chache. Mhudumu huuliza maswali mawili matatu, hupima uzani na kimo, hugonga muhuri kisha humwita anayefuata. Mzazi huondoka akiwa ameridhika kwamba mwanawe amepimwa na yu mzima.

Lakini kuna maradhi ambayo muhuri wa Januari hauwezi kuyatolea hakikisho. Mwanafunzi aweza kuingia shuleni akiwa buheri wa afya, aambukizwe viini vya kifua kikuu (TB) bwenini mwezi Machi, asikohoe hata mara moja hadi mwaka unaofuata, na kabla ya kugunduliwa awe amewaambukiza wenzake wanaolala chumba kimoja naye.

Ndiyo maana kila panapozuka kisa cha TB shuleni, swali la wazazi huwa lile lile: Mbona serikali isiwapime wanafunzi wote na kuwachanja upya?

Swali hilo lina mashiko. Tangu 2019, wasichana wa kuanzia umri wa miaka 10 wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Julai 2025, serikali iliendesha kampeni ya kitaifa ya chanjo ya homa ya matumbo iliyolenga watoto wa hadi umri wa miaka 14, wengi wao wakiwa wanafunzi. Ikiwa shule zinafaa kwa chanjo hizo, mzazi ana haki ya kuuliza ni kwa nini zisifae kwa chanjo ya TB.

Jibu la kitaalamu huenda likawashangaza wengi. Kuwachanja upya wanafunzi kwa chanjo iliyopo hakujathibitishwa kuwa na faida ya kutegemewa, nako kuwapima wote kwa sindano ya ngozini huzua maswali mengi kuliko majibu. Yanayofaa ni mambo ya kawaida mno, na hayo ndiyo yanayopuuzwa.

Chanjo ya karne moja

Chanjo inayotumika dhidi ya TB ni BCG. Ilibuniwa nchini Ufaransa na wanasayansi Albert Calmette na Camille Guérin, ambao walitumia miaka 13 kudhoofisha viini vya TB ya ng'ombe hadi vikakosa uwezo wa kuleta ugonjwa. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo jijini Paris mwaka wa 1921. Zaidi ya miaka 100 baadaye, ulimwengu bado hauna nyingine iliyoidhinishwa kuchukua mahali pake.

Humu nchini, BCG hutolewa mtoto anapozaliwa au mara ya kwanza anapofikishwa kliniki. Hudungwa kwenye ngozi ya kigasha cha mkono wa kushoto, na baada ya wiki kadhaa huacha kovu dogo ambalo wauguzi hulitafuta kila mama anapomrudisha mtoto kupimwa uzani. Kwa Wakenya wengi, kovu hilo ni thibitisho kwamba walilelewa na mama aliyejali.

Kovu hilo si bure. BCG humkinga mtoto mchanga vilivyo dhidi ya aina mbili mbaya zaidi za TB: ile inayoshambulia utando wa ubongo na uti wa mgongo, na ile inayosambaa mwilini kote kupitia damu. Kabla ya chanjo hii, aina hizo ziliwamaliza watoto wengi kabla hata hawajaanza kutembea.

Hata hivyo, kinga hiyo haidumu maisha yote. Hupungua mtoto anavyokua, na anapobaleghe huwa imefifia kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, uwezo wa BCG wa kuzuia TB ya mapafu, ambayo ndiyo inayosambazwa kwa kikohozi, umekuwa ukitofautiana mno kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kinaya ni kuwa kinga hiyo hufifia wakati ule ule ambapo mtoto wa Kenya huondoka nyumbani na kwenda kulala katika ukumbi mmoja na wenzake kadhaa. Umri wa kubaleghe vilevile ni umri ambapo TB hubadilika sura. Mtoto mdogo anayeugua huwa na viini vichache na ni nadra kumwambukiza mwingine. Kijana wa miaka 15 au 16 huugua kama mtu mzima: hukohoa, na kikohozi chake huwa na viini tele.

Waliojaribu wakaacha

Kenya haingekuwa nchi ya kwanza kujaribu kuwachanja wanafunzi. Uingereza ilianza mpango huo katika shule zake mwaka wa 1953. Kwa zaidi ya miongo mitano, watoto wa huko wa umri wa kati ya miaka 10 na 14 walipimwa ngozini, na wale ambao kipimo hakikuonyesha dalili ya maambukizi wakadungwa BCG.

Mpango huo ulisitishwa mwaka wa 2005. Sababu haikuwa kwamba TB ilikuwa imekwisha, bali ilikuwa imekusanyika katika jamii na mitaa fulani, na kumdunga kila mwanafunzi nchini kukawa hakuna maana. Chanjo ikahamishiwa kwa watoto wachanga walio katika hatari kubwa.

Ikumbukwe pia kwamba chanjo hiyo ya shuleni haikuzuia mikurupuko. Mwaka wa 2001, mwanafunzi mmoja katika mji wa Leicester aliugua TB kwa miezi mingi bila kutambuliwa. Alipotambuliwa na wenzake kupimwa, zaidi ya 200 walipatikana wameambukizwa. Wengi wa wanafunzi katika shule hiyo walikuwa wamechanjwa BCG.

Nchini Brazil, watafiti walikwenda hatua zaidi. Waliwafuatilia zaidi ya watoto 200,000 wa shule katika miji ya Salvador na Manaus ili kubaini iwapo dozi ya pili ya BCG ina manufaa kwa mtoto aliyechanjwa alipozaliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba dozi hiyo haikuongeza kinga ya maana. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa tayari limeshauri, tangu 1995, kwamba chanjo hiyo isirudiwe.

Matumaini yalifufuka mwaka wa 2018, wakati utafiti mmoja nchini Afrika Kusini ulipodokeza kwamba kuwachanja upya matineja kungeweza kuwazuia kusalia na maambukizi ya kudumu. Utafiti mkubwa zaidi ulifanywa kuthibitisha dokezo hilo, ukishirikisha takriban vijana 1,800 wa kati ya miaka 10 na 18. Matokeo yake yalipochapishwa mwaka wa 2025, kinga hiyo haikuonekana.

Kwa hivyo, anayependekeza BCG irudiwe katika shule za Kenya anapendekeza jambo ambalo limejaribiwa kwa uangalifu, katika mabara mawili, na halikufua dafu.

Sindano isiyotambua mgonjwa

Vipi kuhusu kuwapima wanafunzi wote? Hapa pana haja ya kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa sana: kuambukizwa na kuugua.

Mtu akivuta hewa yenye viini vya TB, mwili wake huweza kuvizingira na kuvilaza. Ameambukizwa, ila si mgonjwa. Hakohoi, wala hawezi kumwambukiza yeyote. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya asilimia tano na 10 ya watu wa aina hii huugua wakati mmoja au mwingine maishani. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa anayeishi na virusi vya ukimwi na kwa mwenye utapiamlo.

Kipimo cha ngozi, kinachojulikana kama Mantoux, huonyesha jambo la kwanza tu. Mhudumu hudunga dawa kidogo kwenye ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hadi 72 hupima kwa milimita upana wa uvimbe uliotokea. Uvimbe mkubwa huashiria kwamba mwili umewahi kukutana na viini. Hauwezi kusema kama mtoto ni mgonjwa leo, aliambukizwa lini, wala kama atawahi kuugua.

Kipimo cha damu kinachofanya kazi hiyo hiyo huwa hakipotoshwi na BCG, lakini ni ghali na huhitaji maabara. Nacho pia hakitofautishi aliyeambukizwa na anayeugua.

Taswira ya Kenya yenyewe ilichorwa katika Kaunti ya Siaya. Mwishoni mwa mwongo wa 2000, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Nchini (KEMRI) waliwapima takriban vijana 5,000 wa umri wa kati ya miaka 12 na 18. Karibu mmoja kati ya kila watatu alipatikana na uvimbe wa kuashiria maambukizi. Lakini waliokuwa wagonjwa hasa walikuwa takriban watatu tu kati ya kila 1,000.

Ni vyema kuyatafakari matokeo hayo kwa mizani ya shule moja. Katika shule ya wanafunzi 1,000 yenye hali kama ile ya Siaya, sindano ya ngozi ingewanyooshea kidole zaidi ya wanafunzi 300. Kati yao, ambao wangekuwa wakisambaza viini darasani wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwalimu mkuu angewafanyia nini hao 300? Angewarejesha nyumbani? Angewaambia nini wazazi wao? Na ni nani angehakikisha kwamba waliodungwa Jumatatu wanasomwa mikono yao Jumatano au Alhamisi, ilhali zahanati ya karibu ina wauguzi wawili?

Kuna tatizo jingine. BCG inayotolewa utotoni haiathiri sana kipimo cha ngozi mtoto anapofikisha umri wa sekondari, kwa kuwa athari yake huwa imeisha. Lakini BCG inayotolewa baadaye shuleni huacha alama katika kinga ya mwili kwa miaka mingi, na humfanya mtoto asiye na maambukizi aonekane anayo. Hivyo, kuwachanja upya wanafunzi kungeharibu kipimo kile kile ambacho wazazi wangetaka kitumike baadaye.

Hata hivyo, takwimu za Siaya zisichukuliwe kuwa ndogo. Wagonjwa watatu kati ya 1,000 ni wengi mno kwa rika ambalo wengi hudhani halina TB. Na mmoja tu akiwa bwenini anatosha.

Wanaoambukiza hawajatafutwa

Mtoto haambukizwi TB na dawati wala sahani. Huambukizwa na mtu anayekohoa, na mara nyingi mtu huyo ni mzima kwa umri: mzazi, mjomba, dereva wa basi la shule, mpishi, mlinzi, mwalimu, au mwanafunzi wa kidato cha juu.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ulibaini kuwa watu wazima 558 kati ya kila 100,000 walikuwa na TB, kiwango kilichozidi kwa mbali makadirio ya awali. Ulibaini pia kwamba takriban wagonjwa wanne kati ya kila 10 hawakuwa wakifikiwa na huduma za matibabu. Hao ndio wanaopanda matatu, wanaoketi ibadani na wanaorejea kazini kila asubuhi.

Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya wagonjwa 90,000 wamekuwa wakisajiliwa kwa matibabu humu nchini kila mwaka. Ulimwenguni, WHO ilikadiria kuwa watu milioni 10.7 waliugua TB mwaka wa 2024, na milioni 1.23 wakafariki. Huu ni ugonjwa ambao dawa zake zipo, na katika hospitali za umma nchini Kenya hutolewa bila malipo.

Kwa msingi huo, swali linalofaa kuulizwa shuleni si nani ana kovu mkononi wala nani amevimba ngozi. Ni nani amekohoa kwa muda, anatokwa jasho usiku, anapungua uzani au amepoteza hamu ya chakula, na je, kuna anayemtazama?

Maswali hayo manne hayahitaji mashine. Mwalimu wa darasa, mlezi wa bweni na muuguzi wa shule wanaweza kuyauliza kila mwanzo wa muhula na kila baada ya likizo fupi. Anayejibu ndiyo hupelekwa hospitalini kupimwa makohozi kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa mbili na kueleza iwapo viini vimekuwa sugu kwa mojawapo ya dawa kuu. Kwa watoto wasioweza kutema makohozi, tangu 2020 WHO imeidhinisha kutumia kinyesi katika mashine hiyo hiyo.

Aidha, ukaguzi huo usiishie kwa wanafunzi. Ni jambo la ajabu kwamba mtoto wa miaka 15 hutakiwa kuleta fomu ya daktari, ilhali mtu mzima anayempikia au kumlinda huenda asiulizwe lolote kuhusu kikohozi alicho nacho kwa miezi miwili.

Mabweni yaliyofumba macho

Hali ya mabweni ni suala ambalo hujadiliwa nchini tu panapotokea moto. Wakenya hawajasahau wavulana 67 walioangamia katika shule ya Kyanguli mwaka wa 2001, wala wale 21 waliofariki Endarasha, Nyeri, Septemba 2024.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unaagiza nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya katikati isiyopungua mita mbili. Unaagiza pia madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje.

Kanuni hizo zilinuiwa kuwaokoa watoto na moto. Lakini ni zizo hizo zingewaokoa na TB. Viini vya ugonjwa huu huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa, na hutawanyika haraka dirisha likiwa wazi upande huu na upande ule. Miale ya jua nayo huviua.

Hali halisi ni tofauti. Tangu serikali ianze kutekeleza mwaka wa 2018 sera ya kuwahamisha wanafunzi wote hadi sekondari, shule nyingi zimejaza vitanda vya ghorofa mbili palipokuwa na nafasi ya kupita, na nyingine zikageuza kumbi za maakuli kuwa mabweni. Sera hiyo iliwapa nafasi watoto ambao wangeachwa nje, na hilo ni la kupongezwa. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi.

Katika maeneo ya nyanda za juu, baridi ya usiku huwafanya wanafunzi kufunga kila dirisha. Kwingineko, madirisha huwekwa vyuma na kufungwa kwa hofu ya wezi au ya wanafunzi kutoroka. Kwa saa nane au tisa, watoto 80 huvuta hewa ile ile. Hakuna chanjo iliyopo leo inayoweza kufidia hilo.

Kisa kimoja kinapogunduliwa

Mwanafunzi anapopatikana na TB, mara nyingi hatua ya kwanza ya shule huwa ni kumtuma nyumbani. Hatua hiyo huonekana kuwa ya busara, lakini huacha nyuma jambo la maana zaidi: waliolala karibu naye.

WHO inapendekeza waliokaa karibu na mgonjwa watafutwe, wachunguzwe, na wale ambao si wagonjwa wafikiriwe kupewa dawa za kuzuia ugonjwa. Hapa ndipo kipimo cha ngozi au cha damu hupata maana yake, kwa kuwa hutumiwa kwa watoto wachache wanaojulikana kuwa walikuwa hatarini. Dawa hizo nazo zimekuwa rahisi kumeza. Badala ya kidonge cha kila siku kwa miezi sita au zaidi, upo mseto wa isoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Muhula mmoja wa shule unakaribia kutosha kuumaliza.

Matibabu ya watoto wagonjwa pia yamebadilika. Mwaka wa 2016, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza ulimwenguni kusambaza kitaifa dawa za TB zilizoundwa mahususi kwa watoto, zenye ladha ya matunda na zinazoyeyuka katika maji. Kabla ya hapo, wazazi walilazimika kukata na kuponda vidonge vichungu vya watu wazima kwa kukisia.

Mgonjwa anayetumia dawa barabara, na ambaye viini vyake si sugu, hupunguza sana uwezo wa kuambukiza baada ya takriban wiki mbili. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumfungia nje ya masomo kwa miezi sita. Sababu huwa ni woga, na woga huo huwafanya wengine kuficha vikohozi vyao.

Taifa hili limeshaonywa kuhusu kumchukulia mgonjwa kama mhalifu. Mwaka wa 2010, wagonjwa wa TB waliokatiza matibabu walifungwa jela huko Kapsabet. Machi 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga jela kulikiuka Katiba. Funzo la uamuzi huo linazihusu pia bodi za shule: mtoto asiadhibiwe kwa kuugua.

Lakini nani hasa anapaswa kuwatafuta hao waliolala karibu? Huu ndio mwanya mkubwa. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali na zahanati ziko mikononi mwa kaunti, ilhali shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Afisa wa TB wa kaunti ndogo hana mamlaka juu ya bweni, naye mwalimu mkuu hana mamlaka juu ya maabara. Bweni limekuwa kama mbuzi wa ndugu wawili: kila mmoja hudhani mwenzake amemlisha.

Ugumu huzidi shule zinapofungwa. Mwanafunzi anayesomea Nakuru aweza kuwa anatoka Turkana, na jirani yake wa kitanda akawa anatoka Kisii. Orodha ya waliokuwa hatarini hutawanyika katika kaunti kadhaa siku moja, na isipofuatwa na simu pamoja na barua, dawa za kuzuia ugonjwa huishia njiani. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilisema mwaka wa 2023 kuwa ni 100,000, wangeweza kuwafikia watoto hao majumbani, mradi wapewe majina.

Ghala likiwa tupu

Kuna wanaohofia kwamba hoja hizi zinaidunisha BCG. Sivyo. Mahali pake ni katika wadi ya kujifungulia na kliniki ya watoto, na hapo ndipo isipaswe kukosekana hata siku moja.

Hata hivyo, ilikosekana. Katikati ya mwaka wa 2025, vituo vya afya katika maeneo mengi nchini viliishiwa na BCG pamoja na chanjo ya polio ya matone, na akina mama wakarejeshwa nyumbani na watoto wao kabla ya shehena mpya kuwasili mwezi Juni. Kila mtoto aliyerejeshwa na asirudi atajiunga na shule siku moja akiwa amepitia miaka yake ya hatari zaidi bila kinga.

Mwaka huo huo ulileta pigo la pili. Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya kigeni, na shirika lake la USAID likafungwa Julai. Huduma za TB nchini zilizotegemea fedha hizo, zikiwemo usafirishaji wa makohozi hadi maabara na ununuzi wa vifaa vya kupimia, zilitikisika. Mashine ya GeneXpert isiyo na katriji za kupimia haina tofauti na meza.

Matukio hayo mawili yanatoa jibu kwa wanaotaka fedha za umma zitumiwe kuwadunga mamilioni ya wanafunzi dozi isiyo na faida iliyothibitishwa. Taifa linaloishiwa na dozi ya kwanza halina sababu ya kuwaza dozi ya pili.

Matumaini ya chanjo bora yapo. Chanjo ya majaribio iitwayo M72/AS01E ilionyesha uwezo wa takriban asilimia 50 wa kuzuia TB ya mapafu miongoni mwa watu wazima waliokuwa na maambukizi fiche nchini Kenya, Afrika Kusini na Zambia, kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2019. Awamu ya tatu ya utafiti huo ilianza mwaka wa 2024 ikilenga watu hadi 20,000 wa kati ya miaka 15 na 44 katika mataifa kadhaa, Kenya ikiwemo. Iwapo itafaulu, wanafunzi wa sekondari watakuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiriwa, na hapo kilio cha wazazi cha kutaka chanjo shuleni kitakuwa kimepata jibu.

Lakini mtoto aliye bwenini usiku wa leo hawezi kusubiri utafiti ukamilike. Anachohitaji kinajulikana: dirisha lililo wazi, kitanda kilicho mbali na cha jirani kwa kiasi kinachotakiwa, muuguzi anayeuliza kuhusu kikohozi, mpishi na mlinzi waliopimwa, gari la kupeleka makohozi maabara, na jina la mtu mmoja katika kaunti ndogo ambaye mwalimu mkuu anaweza kumpigia simu.

Wizara za Afya na Elimu, pamoja na kaunti, zinaweza kuafikiana kuhusu hayo bila kutunga sheria mpya. Bodi za shule zinaweza kuanza na madirisha muhula huu. Nao wazazi wanaohudhuria mikutano ya shule wana swali bora zaidi la kuuliza kuliko lile la chanjo: Mtoto akikohoa kwa wiki mbili hapa, nani atajua?